Fungua Maji Kwanza

Kila aliyesoma Kiswahili anaijua methali isemayo usipoziba ufa utajenga ukuta. Tumeiandikia insha tangu sekondari, na mwalimu akiileta kwenye mtihani hakuna anayeogopa. Unaandika juu ya mtoto aliyedekezwa, au deni dogo lililokua likawa kubwa, unapata alama zako. Mimi nataka kuiandikia insha moja zaidi, ila safari hii ufa ni ufa wa kweli, ukuta ni ukuta wa kweli, na ndani ya ukuta huo kulikuwa na bomba la maji. Ni habari ya nyumba ambayo mama yangu alitaka kuinunua mjini Gisenyi wakati wa likizo ndefu iliyopita, na ya fundi aliyeikagua kabla mama hajaweka sahihi.

Nianze na mji wenyewe, kwa ajili ya wenzangu wasioujua. Gisenyi iko wilayani Rubavu, kwenye ufuko wa kaskazini wa ziwa Kivu, nayo imeshikana na Goma kiasi kwamba mtu hutoka mji mmoja akaingia wa pili kwa miguu, kikapu kichwani. Volkano ya Nyiragongo, iliyo upande wa Kongo, inatutazama sote. Kwa hiyo watu wa kwetu wana maswali yao wanaponunua nyumba. Wanauliza namba ya kiwanja, ile tunayoiita UPI, wajue kama jina lililoandikishwa ni la huyo anayeuza. Tangu Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, na ardhi ikatetemeka kwa siku kadhaa hata kuta nyingi za Gisenyi zikapasuka, wanatazama kuta. Tangu mto Sebeya ulipofurika mwanzoni mwa Mei 2023, katika mafuriko na maporomoko yaliyoua watu zaidi ya 130 magharibi na kaskazini mwa Rwanda, wanauliza pia mto uko umbali gani. Kila janga limetuachia swali lake. Swali la mabomba tu ndilo sikuwahi kulisikia. Mnunuzi huingia, hufungua bomba moja, akiona maji yanatoka husema, "Maji yapo," akaendelea na habari ya bei.

Mama hakuwa na nafasi ya kukosea. Amepanga vyumba katika mtaa wa Majengo tangu nikiwa darasa la kwanza, na miaka yote hiyo amekuwa akivusha karoti, vitunguu na kabeji kwenda Goma kupitia Petite Barrière, mpaka mdogo wanaoupita wafanyabiashara wa miguu. Nusu ya fedha za nyumba ilikuwa akiba yake. Sehemu ilitoka kwa kaka yake, na iliyobaki ulikuwa mkopo wa kikundi chao cha wanawake, ambao wadhamini wake walikuwa wanawake wenzake wa sokoni. Nyumba ikiwa mbovu, hasara isingekuwa ya mama peke yake. Angepita mpakani kila asubuhi katikati ya watu anaowadaiwa aibu.

Nyumba iliyopatikana ilikuwa Mbugangari. Ilikuwa na vyumba vitatu na sebule, jiko ndani, bafu na choo cha kuvuta ndani, bomba jingine uani, na tangi jeusi la plastiki juu ya mnara mfupi wa matofali. Ua ulizungushiwa ukuta wa mawe meusi ya volkano. Mwenye nyumba alikuwa mjane wa miaka sabini hivi. Sisi tulimwita Mukecuru, maana katika Kinyarwanda hilo ni jina la heshima kwa mwanamke mzee. Alikuwa anahamia kwa binti yake Musanze. Alitukaribisha kwa chai ya maziwa, akatuonyesha kila chumba, akatuonyesha na mparachichi alioupanda marehemu mumewe. Sebule ilikuwa imepakwa rangi upya, ya manjano hafifu. Mimi niliipenda nyumba ile papo hapo.

Tulipotoka, mama akasema atarudi na fundi wa mabomba. Baba mdogo, aliyekuwa ametusindikiza, hakupendezwa. Alisema kumpeleka fundi kwenye nyumba ya mzee aliyekunywesha chai ni kama kumwambia kwamba ni mwongo. Dalali naye, komisiyoneri kama tunavyomwita kwetu, aliogopa biashara yake kuharibika. Alisema maji ya mfereji yapo, yeye mwenyewe ameyaona. Hapo kukatokea kichekesho kidogo. Dalali yule alijifunzia Kiswahili Kenya, ambako mfereji ni bomba la kufungulia maji. Baba mdogo anajua mfereji ni ule uliochimbwa kando ya barabara, akakasirika: "Kwani sisi tutakunywa maji ya mtaroni?" Ilinibidi niwafasirie watu wawili waliokuwa wakisema Kiswahili kwa Kiswahili.

Mama alingoja wamalize, kisha akasema: "Mimi nikinunua karoti, gunia nalifungua mbele ya mwenye mali. Sijaona mtu mwenye karoti nzuri akikasirika."

Tunao usemi kwamba fulani ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Nadhani mama alikuwa hajaufikiria usemi huo. Alikuwa anasema kazi yake tu.

Fundi alikuja siku mbili baadaye, saa mbili asubuhi. Ni mzee aliyezaliwa Goma, na sehemu ya kazi yake aliifanyia huko baada ya lava ya Januari 2002 kupita katikati ya mji na kufukia mitaa mizima. Alibeba ndoo, tochi, kioo kidogo cha kunyolea, spana mbili na pakiti ya kahawa. Kahawa ilinishangaza, nikadhani ni ya kunywa. Mama alimsalimia, "Jambo papa," naye akajibu, "Jambo mama, njo huyu mutoto anasoma Kiswahili?" Akanicheka kidogo. Kiswahili chake si kile cha vitabu vyetu. Kwake bomba la kufungulia maji ni robine, bomba la ukutani ni tiyo, mita ni konteri, na shimo la majitaka ni fose septike. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, lakini hiki cha robine na tiyo kilikuwa Gisenyi kabla ya hapo sana, kikipita mpakani pamoja na mafundi na vifaa vyao. Nilikuwa na daftari. Asubuhi ile nilijifunza mengi kuliko nilivyotarajia, nami nitayaeleza kwa mpangilio wake, kwa kuwa siku moja kila msomaji wa mkusanyiko huu atapanga au kununua nyumba.

Jambo la kwanza alilouliza halikuhusu nyumba. Aliuliza kama maji ya mtaa yanakuja leo. Alifungua bomba la uani, akaona yanatoka kwa nguvu, ndipo akaridhika. Alinieleza kwamba siku ya mgao nyumba inayovuja huonekana nzima, kwa sababu hakuna maji ya kuvuja. Mtu akitaka kukagua, aje siku maji yapo. Na kama anaweza, apite tena siku hayapo, aone wenyeji wanaishije na tangi linatosha siku ngapi.

Kisha akafunga koki ya bomba linalopanda kwenye tangi, maana tangi likiwa linajaa mita itatembea na mtu atadhani ni uvujaji. Akatuambia tufunge kila bomba ndani na nje. "Mufunge robine yote," alisema. "Maji isipite hata kidogo." Nikapiga picha ya mita kwa simu. Kwenye mita ya maji ya nyumbani, tarakimu nyeusi huhesabu mita za ujazo, na mita moja ya ujazo ni lita 1,000. Tarakimu nyekundu huhesabu lita. Pia kuna kagurudumu kadogo katikati kanakozunguka hata kwa maji machache. Kalikuwa kanasogea polepole mno, kama mshale wa dakika wa saa, hivi kwamba mimi sikukaona mpaka fundi aliponiwekea kidole kwenye kioo cha mita. Hakusema neno. Aliandika saa kwenye daftari langu, akasema twende tukatazame mengine, tutarudi baada ya saa moja.

Tulianzia kwenye tangi. Mama alifurahi kuona tangi, fundi akatazama urefu wa mnara. Maji yanapata nguvu kutokana na kimo chake. Kila mita kumi za kimo hutoa msukumo wa baa moja hivi, na mnara ule ulikuwa na mita tatu tu, kwa hiyo siku ya mgao maji ya bafuni yangeshuka kama mtoto anakojoa. Hayo ni maneno ya fundi, na Mukecuru alicheka mpaka akashika mlango. Alimpandisha kijana mmoja wa jirani juu aangalie kama mfuniko unafunga vizuri na kama lipo tope chini. Sehemu ya maji ya mji wetu hutoka Sebeya, yakasafishwa katika mtambo wa Gihira, na mto ule mvua zikinyesha hubeba udongo wa milimani mwekundu. Hata maji yaliyosafishwa yakikaa muda mrefu tangini huacha mashapo, kwa hiyo tangi lazima liwe na njia ya kulisafisha.

Ndani ya nyumba alifungua mabomba mawili kwa pamoja, la jikoni na la bafuni, akatazama kama moja linamdhoofisha mwenzake. Lilimdhoofisha sana. Aliyakinga maji ya kwanza katika ndoo nyeupe, nayo yalikuwa na rangi ya chai nyepesi, kisha yakatakata. Hiyo ni dalili ya mabomba ya chuma. Yanashika kutu kwa ndani, tundu linazidi kuwa jembamba mwaka hadi mwaka, na maji yaliyolala humo usiku kucha hutoka na rangi. Alisema nyumba nyingi za zamani zina chuma ukutani, hata kama sehemu zinazoonekana zimebadilishwa zikawekwa plastiki. Ndiyo maana alitumia kioo chake cha kunyolea. Alikiingiza nyuma ya sinki, akamulika tochi, akaona pale plastiki mpya inapokutana na chuma cha kale.

Bomba la jikoni lilikuwa linadondosha tone. Alihesabu kwa saa yake akasema ni tone moja kwa sekunde. Watu hulichukulia tone kuwa si kitu, lakini siku moja ina sekunde 86,400, na matone kama 4,000 hutosha kujaza lita. Nilipiga hesabu kwenye daftari nikapata zaidi ya lita 20. Ina maana bomba lile, lililoonekana kama linalia tu, lilikuwa linamwaga jerikani nzima kila siku. Mama aliyewahi kubeba jerikani kichwani kutoka kisimani aliitikia kwa mguno.

Kahawa ilikuwa ya choo. Aliikoroga kidogo katika kikombe, akaimimina kwenye tangi dogo la choo, akatukataza tusivute maji kwa nusu saa. Kama kizibo cha ndani hakizibi, rangi ingeonekana chini kwenye bakuli. Haikuonekana, kwa hiyo choo kilikuwa kizima. Chini ya sinki alitushikisha ile kona ya bomba iliyopinda kama shingo ya bata, akatueleza kwamba maji kidogo yanayobaki pale ndiyo yanayozuia harufu ya shimo isipande ndani. Katika nyumba iliyofungwa miezi mingi maji hayo hukauka na nyumba hunuka. Mtu asiyejua hudhani shimo limejaa, na dawa yake ni kumimina maji kikombe kimoja.

Shimo lenyewe tulilifungua pia. Mji wetu hauna mtandao wa mabomba ya majitaka, kila nyumba ina shimo lake, kwa hiyo anayenunua nyumba ananunua na shimo. Fundi aliuliza liko wapi, lilichimbwa lini, lina mfuniko wa kufungulika, gari la kunyonya linaweza kulifikia. Alimimina ndoo tatu chooni huku mimi nikisimama shimoni kusikiliza zinavyofika. Wasomaji wenye tumbo jepesi wataniwia radhi nikipita hapa haraka.

Saa moja ilipotimia tulirudi kwenye mita. Hakuna aliyekuwa amebaki anatumia maji, tulikuwa tumefunga tena kila kitu mara tu baada ya majaribio, na lita tulizotumia wenyewe nilikuwa nimeziandika ndoo kwa ndoo. Tulizitoa. Ilibaki tofauti ya lita nne.

"Angalia," fundi alisema. "Robine yote imefungwa. Sasa maji inaenda wapi?"

Lita nne kwa saa ni lita 96 kwa siku. Kwa mwezi ni karibu mita tatu za ujazo, sawa na jerikani 144. Fundi alifunga koki iliyo baada ya bomba la uani, na kagurudumu kakasimama kabisa. Ina maana uvujaji uko ndani ya nyumba. Akaifungua, akafunga koki ya pili inayopeleka maji bafuni. Kakasimama tena. Sasa tulijua maji yanapotelea kati ya koki ile na bafu, na katikati yake kulikuwa na ukuta wa sebule wa manjano hafifu. Aliuweka kiganja. Akaniambia niweke changu. Ulikuwa baridi kwa upana wa mkono mmoja, na alipougonga kwa kifundo cha kidole ulilia kama boga.

Mukecuru alituambia mwenyewe, bila kuulizwa. Ukuta ule ulipasuka katika matetemeko ya 2021. Ufa ulishuka kutoka kwenye dari mpaka sakafuni, mtu akiingiza sarafu inapita. Alimwita mwashi, ufa ukazibwa kwa saruji, ukapakwa rangi. Rangi ilipobabuka alipaka tena. Mwaka huu ameipaka mara ya tatu kwa sababu ya wateja, akidhani ni unyevu wa mvua.

Baba mdogo alinikazia macho, na najua alichokuwa anafikiri. Hapa ndipo penye ugomvi. Hapa ndipo mnunuzi anapopaza sauti kwamba alitaka kudanganywa, na muuzaji anapotufukuza. Lakini Mukecuru hakuwa anatutazama sisi. Alimuuliza fundi jambo hili limeanza lini. Fundi akamjibu kwamba hawezi kutaja siku, ila ukuta ungefunguliwa kutu ingesema kama ni la juzi au la zamani.

"Vunja," Mukecuru akasema.

Fundi alimtazama mama, maana ukuta haukuwa wake bado. Mama akamtazama Mukecuru. "Vunja," akarudia.

Alibandua lipu kwa uangalifu, kipande cha ukubwa wa sinia. Ndani tuliliona bomba la chuma likiingia kwenye kona, na pale kwenye nyuzi za kiungo kulikuwa na ukoko wa kutu mnene kama ganda la mti, maji yakitoka chini yake bila kelele. Fundi alieleza kwamba bomba la chuma ni jembamba zaidi pale lilipochongwa nyuzi. Ukuta ukicheza, bomba haliwezi kupinda kama la plastiki, linakatika pale penye nyuzi. Na kutu ile haikuwa ya mwaka huu wala ya mwaka jana.

Mukecuru akakaa kwenye kiti. Baada ya kimya kirefu akasema kwamba alikuwa na mpangaji katika nyumba hii alipokuwa akiishi kwa muda kwa binti yake. Alikuwa kijana wa pikipiki, mke na watoto wawili. Bili ya maji ilikuwa kubwa kila mwezi. Yule kijana aliapa kwamba hatumii maji hayo. Mukecuru hakumsadiki, aliamini anawauzia majirani usiku. Waligombana mbele ya watu, akamtoa. "Nilimwita mwizi mbele ya watoto wake," alisema kwa Kinyarwanda, na sauti yake ilikuwa ndogo sana.

Hakuna aliyejua la kusema. Mama alivuta kiti akakaa karibu naye. Wakati ule ndio ulikuwa mzuri kuliko yote wa kushusha bei, hata mimi nisiye mfanyabiashara nililiona hilo, na dalali alikuwa tayari ameanza kuhesabu kwa vidole. Mama hakuigusa bei. Alimuuliza Mukecuru kama ana namba ya yule kijana. Alikuwa nayo bado. Alitoka uani na simu, akasimama chini ya mparachichi, akazungumza muda mrefu akiwa ametupa mgongo. Aliporudi alisema tu: "Amenishukuru kwa kumpigia."

Mambo ya bei yalizungumzwa kesho yake, kwa utulivu, na kila mtu akiwa na makadirio ya fundi mkononi. Walikubaliana kwamba bomba litatengenezwa kabla ya kuweka sahihi, kila upande ulipe nusu. Fundi hakulirudishia lile la chuma. Alilikata maji likabaki mfu ndani ya ukuta, akapitisha jipya la plastiki ile inayounganishwa kwa joto, juu ya ukuta, mahali linapoonekana. Baba mdogo alilalamika kwamba linaharibu uzuri wa sebule. Fundi akamjibu kwamba ardhi ya hapa haijamaliza kutetemeka, na siku ikitetemeka tena mama ataliona bomba lake kwa macho. Baada ya kazi, mita ilitazamwa jioni na asubuhi kwa siku saba, koki zikiwa zimefungwa usiku. Haikusogea. Ndipo wakaenda kwa mthibitishaji wa mikataba ya ardhi, UPI ikahamishwa jina.

Nimeirudia methali yetu mara nyingi tangu siku ile. Mukecuru hakuupuuza ufa. Aliuziba mapema, tena kwa saruji nzuri, na bado nusura ajenge ukuta. Tatizo ni kwamba aliuziba bila kuuliza umekata nini ndani. Kiswahili kina kuziba, na kina kuficha, na katika insha zetu huwa tunaandika kana kwamba mtu anayefanya la kwanza hawezi kuwa amefanya la pili bila kukusudia. Ukuta ule ulinionyesha kwamba anaweza. Tena, aliyeumizwa na ufa ule uliofichika hakuwa mwenye nyumba wala mnunuzi. Alikuwa mpangaji aliyekuwa akisema kweli asisadikiwe, ilhali mita ilikuwa pale ukutani muda wote, na saa moja ya kuitazama huku mabomba yamefungwa ingetosha kumtetea.

Kwa hiyo sikubaliani na baba mdogo kwamba kukagua ni kumtilia mtu shaka. Mukecuru hakuwa ametudanganya, kwa kuwa naye hakujua. Watu wengi wanaouza nyumba wanaziuza jinsi wanavyozijua, na kile kilicho ukutani hawakijui. Anayekuja na ndoo na tochi anawasaidia wote wawili kuijua nyumba moja. Nawashauri wenzangu, hata mnapopanga chumba kimoja karibu na chuo, muombe kuiona mita kabla ya kulipa, mfunge kila kitu, mpige picha, mngoje saa moja. Hakuna gharama. Na mfanye hivyo mwenye nyumba akiwa amesimama hapo nanyi, ili atakachoona akione pamoja nanyi.

Mama alihamia mwisho wa mwezi. Kabla sijarudi chuoni aliniomba nichore nyumba kwenye karatasi ngumu, mstari wa buluu kwa kila bomba linalofanya kazi, mstari wa nukta kwa lile la chuma lililoachwa ukutani, na alama kwa kila koki. Nilitaka kuandika maneno ya kitabuni, fundi akanikataza. Alisema ikivunjika usiku nani atatafuta kamusi? Kwa hiyo kwenye mchoro ule, uliobandikwa nyuma ya mlango wa jiko, kila koki ina jina lake kwa Kinyarwanda, na chini yake kwa Kiswahili cha robine na tiyo, pamoja na mshale unaoonyesha izungushwe upande gani ili kufunga.